Kosa si Langu, Wifi

"Omba radhi yaishe," mchumba wangu aliniambia, mbele ya wateja wangu wawili.

"Radhi ya nini?"

Dada yake alikuwa amesimama katikati ya chumba changu cha kushonea, ndani ya gauni nililomshonea, zipu imegoma mgongoni.

"Kaniharibia kitambaa," akasema. "Na asipoomba radhi, mdogo wangu, sahau ndoa. Mimi ndiye niliyekulea."

Nampenda huyu mwanaume. Tulipendana kwenye darasa lake la Kiingereza la watu wazima, ambako mpaka sasa mimi ni mwanafunzi wa dawati la mbele. Lakini kuomba radhi kwa kosa nisilolifanya, hapana.

"Mwalimu, jana uliandika nini ubaoni?"

"Mpenzi, si wakati wake."

"Uliandika 'stand up for yourself'. Ukasema hapo hakuna anayesimama kwa miguu, maana yake ni kujitetea. Nikauliza, hata mbele ya mkubwa wako? Ukasema hata kwa mkubwa, mradi usimtukane."

"Ule ulikuwa mfano. Hii ni familia."

"Basi ungetuambia kwamba kwa mawifi somo hilo halitumiki."

Mteja mmoja alijikohoza kuficha kicheko. Nikampa mchumba wangu simu asome mwenyewe ujumbe wa dada yake:

"Wifi, kiuno 30. Usihangaike kunipima, najijua."

"Nilishona ulichoniandikia, wifi," nikasema taratibu. "Ila nina macho, ndiyo maana nikaacha kitambaa cha kutosha ndani ya mishono. Nipe saa moja nilipanue, litakukaa vizuri. Radhi sitaomba."

"Unasikia anavyonijibu? Haya, chagua."

Mchumba wangu aliusoma ule ujumbe mara mbili. Nilikaza meno, nikamwacha achague.

"Dada, umenilea na nakuheshimu," akasema. "Lakini hapa umekosea wewe, na mimi nimekosea zaidi kumwambia aombe radhi. Namuoa huyuhuyu."

Wifi alimtazama, akanitazama, akashusha pumzi.

"Haya, nipime," akasema kwa sauti ya chini. "Ila namba usiitaje."

Nikampima, nikaandika, nikafunga daftari. Mume wangu bado huniuliza ilikuwa ngapi, na mpaka leo sijamwambia.