Bibi Ladan Hawezi Kuitwa Rebeka

"Nimesema Waislamu ni Alhamisi!"

"Na Alhamisi ulifunga dirisha saa nne—"

"Mama, kwani hujui siku?"

"—ukaenda kunywa chai!"

Karani Zeddy na Mama Kuluthum walikuwa wanasema pamoja, hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Nuria alisimama kando ya mama yake, fomu ya kibali cha kusafiri mkononi, akihesabu siku. Leo Jumanne. Daktari wa macho angekaa hapa Nakuru mpaka Ijumaa tu, na bibi yake, Bibi Ladan, alikuwa bado Isiolo. Bila kibali hangevuka kizuizi, na bila daktari angepofuka kabisa.

Mwaka huo wa 1956, bwana mkubwa mpya wa ofisi ya vibali alibandika tangazo ukutani: Wakristo dirisha la kwanza, siku yoyote. Waislamu dirisha la pili, Alhamisi, na wadhamini watatu. Eti usalama! Ng'ombe wa baba yake Nuria waliletwa kutoka Isiolo mwezi uliopita. Walidungwa sindano, wakapita. Hakuna aliyewauliza dini.

Jerop, rafiki yake wa shule, alimvuta pembeni na kumwonyesha kadi ya ubatizo ya nyanya yake.

"Andika hili jina. Rebeka Chepkosgei. Yule karani anaangalia jina tu, kichwa chake kimejaa wino."

Nuria aliandika "Rebe" kabla ya mkono wa mama yake kutua juu ya karatasi.

"Hii ni nini?"

"Ni jina tu, Mama. Bibi apite."

"Askari ataita Rebeka pale kizuizini, na bibi yako atageuka aangalie kama ni mbuzi anaitwa! Na akijifunza kuitika, je? Atakuwa amekubali kwamba jina lake ndilo lenye kosa. Kosa liko pale ukutani." Akaichana fomu.

Nuria alianza kulia. Katika laini ya dirisha la kwanza, nyanya ya Jerop aligeuka.

"Kadi yangu inafanya nini huko?"

Alimshika Jerop sikio, akachukua kadi, kisha akaacha nafasi yake na kwenda kusimama dirisha la pili, nyuma ya Kuluthum.

"Mimi ni mdhamini," alisema. "Miaka kumi nakunywa maziwa ya hawa watu. Sijafa."

Mzee Kemboi, aliyekuwa nyuma yake katika laini, akamfuata. Kisha vijana waliokuwa wanangoja vibali vya kwenda kufanya kazi mashamba ya Njoro. Dirisha la kwanza likabaki tupu kama mdomo wa kibogoyo.

Nje, malori ya walowezi yalipiga honi yakidai wafanyakazi. Bwana mkubwa akatoka na kiko chake.

"Kwa nini hapa hakuna watu?"

"Tunangoja Alhamisi, bwana," alisema Kemboi kwa adabu nyingi. "Sisi wote."

Honi zililia tena. Uso wa bwana mkubwa ukawa mwekundu kama nyanya za sokoni. Lile tangazo la usalama, ambalo eti lilikuwa linalinda nchi nzima, halikuweza kushindana na malori mawili. Alilibandua mwenyewe, akaamuru fomu zote zigongwe muhuri. Nuria alijaza nyingine haraka: Ladan. Muhuri ukagongwa.

Chepkosgei alimwinamia. "Umeona, mwanangu? Uongo ungempitisha bibi yako peke yake, tena akijificha. Sasa anapita na jina lake, na wenzake wanapita pia."

"Nimeona, Kogo," alisema Nuria, akimwita nyanya kwa neno la akina Jerop. "Nisamehe kwa kutumia jina lako."

Ndipo karani Zeddy akatoka nyuma ya dirisha. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Kuluthum alijiandaa kwa ugomvi mwingine.

"Mama," karani alisema polepole, "Zeddy ni jina la kazi. Nyumbani naitwa Hemed. Mama yangu pia yuko Isiolo, na miaka mitatu nimeogopa kumwandikia fomu, jina lake lisije likanifichua. Macho yake ni mazima. Tafadhali, anaweza kumshika bibi yenu mkono, waje pamoja?"