Tarehe ya Uongo

Kibodi ilikuwa haijachomekwa bado, lakini ilisikika ikijibofya. Fundi wa kompyuta aliitupia jicho, akajiambia ni uchovu tu, akaendelea.

Kazi yenyewe ilikuwa kisirani. Hospitali ilileta kompyuta mpya kwenye ofisi ya wodi ya wazazi, na programu ya zamani, iliyotunza majina ya watoto wote waliozaliwa hapo, ikagoma katakata kufunguka. Fundi alitaka kumaliza kabla ya saa sita mchana. Binti yake wa pekee, wa miaka saba, aliyepatikana baada ya kuhangaika weee, alikuwa akimsubiri getini pa shule.

"Ningekuwa wewe ningeiacha," alinong'ona karani, mama mtu mzima. "Marehemu aliyeitengeneza alifungia jini humo ndani, limlindie kazi yake."

"Mama, mimi majini yangu ni virusi tu."

Akatumia ujanja wa mafundi: akairudisha tarehe ya kompyuta miaka kumi nyuma, programu idhani bado ni enzi zake. Ikafunguka. Hapo hapo chumba kikanuka udongo mbichi. Ili kuijaribu, akaandika jina alilolijua kuliko yote, la binti yake, aliyezaliwa wodini humo humo. Likatokea, na chini yake ujumbe. Fundi gani husoma ujumbe? Akabofya "Ndiyo" kama abofyavyo kila siku, na kidole kilipoinuka ndipo macho yakasoma: Mtoto huyu hajazaliwa bado. Afutwe?

Akarudisha tarehe ya leo, akatafuta jina, halipo, akatafuta tena huku vitufe vikijibofya vyenyewe chini ya vidole vyake na ile harufu ya udongo ikimjaa puani hadi kooni, akashika simu, akampigia mkewe, akamwuliza kwa sauti ya chini kama shule wamempigia kuhusu mtoto.

"Mtoto gani, mume wangu?" Sauti ya mke ilikuwa imechoka. "Si tulikubaliana hayo tusiyazungumze tena?"

"Liandike upya, fundi," alisema karani akimsogezea kibodi. "Haraka, kabla nawe hujalisahau."

Akaandika herufi ya kwanza. Ya pili ikakataa kuja. Akabaki ameikodolea macho ile moja, machozi yakimtiririka.

"Fundi," karani aliuliza kwa mshangao wa kweli, hofu yote imemtoka, "unalia nini?"

"Sijui, mama," alisema akijifuta uso. "Hata mimi najishangaa."