Misenga Katika Orodha ya Wateja

"Mama, huyu Misenga njo nani?" Francine aliuliza, macho bado kwenye kompyuta. "Sikumuandika mimi."

Mkasi wa mama yake, Jeanne, ukasimama katikati ya kitenge. Katika duka lao la ushonaji, pale mtaani Kasuku, hakuna mwingine aliyegusa orodha ya wateja. Florentin, fundi wa kompyuta, ndiye aliyewawekea programu ile ya bure, ambayo yeyote mwenye ujuzi anaweza kuifungua na kuirekebisha. Jeanne alitaka orodha ikae humo humo dukani, ndani ya kisanduku cha kompyuta kilichotundikwa juu ya cherehani. Majina ya wateja wangu hayatoki kwangu, alizoea kusema, na watu walimsifu kwa hilo. Walimsifu bure, masikini.

"Futa," alisema.

Kesho yake Misenga alikuwemo tena, safari hii ana vipimo vya bega na kiuno. Kisanduku kilinuka tope la mtoni. Siku ya tatu vipimo vilitimia, na Francine, ambaye gauni lake la harusi lilikuwa limetundikwa ukutani, akajipima kwa utani. Kicheko kikamkauka.

"Mama, njo vyangu. Vyote."

Chini ya vipimo hivyo programu iliuliza, kama inavyouliza mteja akiandikwa mara mbili: Misenga na Francine ni mtu mmoja? Waunganishwe?

Florentin alikuja, akazima, akaweka kila kitu upya, lakini jina likarudi, akaondoka bila kunywa hata maji. Basi Jeanne, mwimbaji wa kwaya miaka nenda rudi, akameza haya akamwita mwalimu Soudi wa msikitini, anayetoa majini. Mzee alifukiza ubani, akasoma, akatega sikio kwenye kisanduku, na kadiri alivyosikiliza ndivyo mikono ya Francine ilivyozidi kuwa ya baridi, midomo ikimcheza kwa maneno yasiyotoka, na harufu ya tope ikapanda hadi ikauzima ubani na kuwakaba wote kooni.

"Jini hili limevaa jina la muntu aliyekufa," Soudi alinong'ona. "Linataka anayemujua aseme mbele yetu alimufanyia nini. Akikataa, litabaki ndani ya mutoto. Mama Jeanne, unamujua?"

Alimjua. Mwaka 2002, mji umezingirwa, wenye bunduki walisimama mlangoni wakimtafuta mke wa mpiganaji mmoja. Walisema wasipoonyeshwa watamchukua Jeanne mwenyewe, naye alikuwa na mimba ya Francine. Akamnyooshea kidole Misenga, mteja aliyekuja kupimwa; wakampeleka mtoni, hakurudi.

Francine alikuwa akimtazama kwa macho ya mtoto anayemwamini mama yake. Jeanne aliogopa kuyapoteza macho yale kuliko alivyoliogopa jini.

"Simujui," alisema.

Kisanduku kikanyamaza. Harufu ikakatika. Mwalimu Soudi akashusha pumzi, na Jeanne akacheka huku akifuta machozi. Francine aliinuka, akalitwaa gauni la harusi, akalilaza begani polepole.

"Francine, mwanangu, unajisikia vizuri sasa?"

Hakugeuka.

"Francine!"

Ndipo akamtazama, kwa upole kabisa.

"Francine?" alisema. "Simujui."