Chujio la Nikeli

Phelesia alikuwa na hakika kwamba mwanamume aliyeegemea kaunta ya duka la vipuri pale Migori alikuwa anamcheka. Ilikuwa siku ya soko, mwaka 1966, na watu walisukumana hadi mlangoni. Gauni lake la njano, alilolipiga pasi asubuhi Homa Bay, lilikuwa limegeuka rangi ya vumbi. Nje, pikapu aliyoachiwa na marehemu baba yake ilikuwa imejaa omena, dagaa wa ziwani, na injini inakohoa. Chujio lake la hewa lilikuwa limechakaa. Baba mdogo Zadock alikuwa ameshasema: gari likikosa soko hata mara moja, analichukua na kumpa mwanawe wa kiume.

Aliomba lile chujio jeusi la bati, lenye oili chini na bomba refu la kupanda hadi juu ya paa.

"Hilo ni zito, mama," yule mwanamume akaingilia. Alikuwa Mwikwabe, fundi wa hapo nyuma ya duka, Mkuria wa Kegonga, mwenye shati jeupe ambalo hakuna fundi angethubutu kulivaa. "Chukua la nikeli. Linakaa mbele, mdomo wazi, linavuta hewa baridi. Kilima utapanda ukiimba."

"Kwetu ziwani kuna wadudu."

"Mdudu gani atashinda injini?"

Phelesia alipaswa kuondoka wakati huo huo. Lakini jamaa alikuwa na mikono mizuri, na alilifunga lile chujio linalong'aa akimtania muda wote, na Phelesia kweli alikipanda kilima akiimba. Mwezi mzima alipitia Migori hata asipokuwa na sababu. Mwikwabe akaanza kumwita mrembo wangu, naye akaacha kukataa.

Kisha wadudu wakaja. Walitoka ziwani kama moshi, wakaziba mdomo wa lile chujio, na pikapu ikazimika kando ya barabara na mzigo wote. Soko likapita. Zadock akalegeza kidogo: akampa hadi Jumapili gari liwe limepona, la sivyo atoe ufunguo.

Phelesia akaenda posta kupiga simu Migori. Alikuwa amelipia dakika tatu, na zote alizitumia kumtukana Mwikwabe.

"Ulitaka Mjaluo kama mimi achekwe barabarani, si ndiyo?"

"Phelesia, nisikilize—"

"Usitaje jina langu. Wewe ni muongo na shati lako."

Jumapili Mwikwabe alishuka kwenye basi Homa Bay, lile chujio jeusi likiwa begani. Hakusalimiwa. Phelesia alimwonyesha pikapu kwa kidevu, akaingia garini, akapandisha vioo. Zadock alikuwa ameketi kwenye kiti chake barazani, mkono tayari umenyooshwa kwa ajili ya ufunguo.

Ndipo lile wingu likaja tena kutoka majini. Lilimfunika fundi masikio, pua, shati jeupe lote. Phelesia alimtazama kupitia kioo na kufurahi sana. Mwikwabe alikohoa, akatema, akaendelea kukaza nati. Hakukimbia, na hilo lilimuudhi Phelesia zaidi ya yote. Akafungua mlango.

"Ingia, mjinga wewe."

"Nimalize kwanza." Alifuta macho. "Uliniambia. Nikakucheka. Lile la nikeli lilikuwa langu. Nililiweka miaka miwili, nikingoja kununua gari. Nilikupa kitu kizuri kuliko vyote nilivyokuwa navyo, basi."

Nati ya mwisho ilipokazwa, Phelesia alifunga mlango. Aliwasha injini, akaondoka peke yake moja kwa moja katikati ya wadudu, hadi gatini na kurudi, gari lisikohoe hata mara moja. Zadock alisikiliza, akaushusha mkono wake, akaingia ndani kunywa chai.

Mwikwabe alikuwa bado amesimama palepale, mweusi kwa wadudu, ameshika lile chujio lake la nikeli.

"Rudi nalo," Phelesia akasema, bado amekunja uso. "Utalifunga kwa gari lako ukilipata. Kegonga hakuna wadudu."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Ndani ya hilo gari. Nikikugombeza mpaka uzeeke."

Mwikwabe akalifuta lile chujio kwa shati lake lililokwisha kuharibika, akaingia garini na kuketi karibu naye.