Kilometa za Mama Ndaya

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuteka maji, Mwadi aliipangusa baiskeli ya mama yake kwa kipande cha kitenge kuukuu. Alianza na usukani, akamaliza na kompteri, kile kisanduku kidogo kilichofungwa kando ya gurudumu la nyuma ili kuhesabu kilometa. Zamani kazi hiyo ilimchosha. Mwaka ule wa 1993 aliipenda, kwa sababu ndilo jambo pekee nyumbani lililobaki kama zamani.

Mengine yote yalikuwa yameharibika. Kampuni ya shaba ilikuwa imeporomoka, na mshahara wa baba yake, Tata Mulumba, ulikuwa umekatika. Kisha maneno mabaya yakaenea Kolwezi, mji wa Katanga: watu wa asili ya Kasai, kama wazazi wa Mwadi, warudi kwao. Mwadi alizaliwa Kolwezi. Huko "kwao" hakuwahi kukuona hata kwenye picha. Baba alitangulia Kasai kutafuta mahali pa kukaa, na tangu hapo hawakupata habari zake. Sasa vijana wa mtaa walikuwa wamepita kuwaambia kwamba ikifika Jumapili nyumba iwe tupu.

Mama Ndaya alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya mtaa wa Manika. Alikwenda vijijini kuchanja watoto kwa baiskeli yake mwenyewe, na zahanati ilimrudishia pesa kwa kila kilometa, maana matairi hayajinunui. Kanuni zilibandikwa mlangoni na kila mfanyakazi alizijua. Hesabu ilianza langoni pa zahanati na kuishia hapo hapo. Safari ya sokoni haikulipwa. Na kompteri ikichezewa, safari hiyo haikulipwa hata sarafu moja ya likuta.

Pesa za kilometa za mwezi huo ndizo zilizotegemewa kununua nafasi kwenye lori. Treni ilikuwepo, lakini watu waliingoja kwa wiki nyingi stesheni, wakilala sakafuni, na wengine walizikwa kabla haijafika. Dady, mdogo wake Mwadi, alikuwa na kikohozi kisichosikia dawa.

"Kule gare, Dady hatapona," mama alisema Ijumaa jioni, aliporudi kutoka kijijini akakuta ofisi imeshafungwa. "Tutapanda kamyo. Kama feza itatosha."

Kama itatosha! Maneno hayo yalimkaa Mwadi kifuani.

Jumamosi asubuhi, mama alipotoka kwenda kuuza masufuria, Mwadi hakuipangusa baiskeli. Aliipindua matairi juu, akaanza kuzungusha kanyagio kwa mkono. Gurudumu likazunguka, kompteri ikahesabu. Mkono wa kulia ulipotoka malengelenge, alihamia wa kushoto. Hakujiona mwizi hata kidogo. Alijiona anamsukuma Dady mpaka Kasai.

Mama aliporudi, walikwenda wote zahanati, Dady akiwa mgongoni kwa mama na Mwadi akisukuma baiskeli. Mhasibu, Tata Stanislas, alikuwa mtu wa Katanga, mkali wa kanuni kuliko padri wa misa. Aliinama akaisoma kompteri, akalinganisha na daftari lake, kisha akaisoma tena.

"Mama Ndaya, jana ulienda wapi?"

"Kwenye mi naendaka siku zote, tata. Ng'ambo ya mto Lualaba."

"Velo inasema ulienda mara mbili," alisema, akigonga tandiko la baiskeli.

"Hapana, tata. Mi nilienda mara moja tu."

Gracien, mlinzi wa lango, akaangua kicheko. "Siku za mwizi ni arobaini! Tulisema. Hawa batu ya Kasai, hata bakienda, batabeba bitu byetu."

Mama alikuwa amewachanja watoto wote wa Gracien. Alishika usukani, akaisogeza baiskeli karibu zaidi na mhasibu.

"Sasa mi sijui nisadiki nini," alisema Tata Stanislas kwa huzuni. "Kama kompteri inadanganya, mwezi mzima siwezi kulipa. Feza yote itangoja mukubwa arudi kutoka Lubumbashi."

Mkubwa angerudi lini? Jumapili ilikuwa kesho. Dady alikohoa mgongoni, na Mwadi akatamani ardhi ipasuke immeze. Pale ndipo alipoona alichokifanya.

"Njo mi, tata," alisema huku analia. "Mi njo nilizungusha. Mama hajui kintu."

"Mama yake amemufundisha!" alidakia Gracien.

Mwadi akafungua viganja vyake. Malengelenge yalikuwa yamepasuka, na mafuta meusi ya mnyororo yameingia ndani ya vidonda. Tata Stanislas aliviangalia, kimoja baada ya kingine.

"Safari ya jana imekufa," alisema mwishowe. "Ile kanuni si mi niliandika. Lakini zingine za mwezi, mama yako alizienda, na nitazilipa leo." Kisha akamgeukia mlinzi. "Na weye, Gracien, mwizi umemuona wapi? Fungua lango."

Pesa hazikutosha. Zilipungua kwa safari ile moja. Dereva wa lori alitazama huku na huku, akaona baiskeli, akasema ataipokea badala ya pesa iliyopungua. Mama alitumaini kuitumia kutafutia kazi huko Kasai. Hata hivyo alikubali, ila kwanza aliifungua kompteri kutoka gurudumuni kwa kisu.

Walikaa juu ya magunia, Dady amelala mapajani.

"Unipige, mama," Mwadi alisema.

"Sikupigi." Mama alimwekea kompteri kiganjani, taratibu kwa sababu ya vidonda. "Humu muko kilometa zangu zote, za jua na za mvua. Zako pia ziko humu. Nani atazitenganisha? Batu balituita bezi, mwanangu, na mi nilikuwa na neno moja tu la kubajibu: sikuiba. Leo asubuhi neno hilo ulininyang'anya, halafu ukanirudishia mbele ya batu. Usisahau yote mbili. Uongo hata wa huruma ni uongo, na anayelipa ni yule uliyemuhurumia."

Lori likanguruma, likaondoka. Mwadi alikishika kisanduku mpaka Manika ilipopotea nyuma ya vumbi. Safari ile, ndefu kuliko zote za mama yake, hakikuihesabu hata kilometa moja.