Wekundu Wanane, Mweusi Mmoja

Jumamosi jioni mtaa wa samaki wa Mong Kok haupitiki. Mifuko ya plastiki iliyojaa maji huning'inizwa ukutani kuanzia magotini hadi juu ya kichwa, kila mfuko na samaki wake na bei yake. Watu hupita katikati bega kwa bega, na mwanga wa maduka unaopenya maji hayo huwapaka nyuso rangi ya kijani, kana kwamba nao wamefungwa mfukoni. Hapo ndipo Hoi-lam aliponyosha mkono kumchukua kasuku wa mwisho, yule samaki mnene wa rangi ya damu ambaye midomo yake ndiyo iliyompa jina. Alikuta mkono mwingine umeshaushika mfuko.

"Nimewahi," alisema mwenye mkono.

"Umewahi kwa kidole kimoja. Mimi nimeshika fundo."

Mwanamume alicheka. Alikuwa mrefu, amevaa shati la kitani la rangi ya majivu, na miwani yake imekaa upande. Kazi ya Hoi-lam ilikuwa kupima macho na kuuza miwani, kwa hiyo aliuona ule upande kabla hajauona uso.

"Dada, nakuomba. Nyumbani wamebaki wanane. Mama hatalala."

"Kwani mama yako analala na samaki?"

"Lazima watimie tisa. Wekundu wanane, mweusi mmoja. Huyo mweusi ameua tena."

"Na wewe unampelekea mwingine amuue. Umekuwa mpishi wake?"

"Sasa nifanyeje?"

"Mbabe umtoe kwanza, umtenge siku chache. Hamisha mawe yote, kisha umrudishe, awe wa mwisho kuingia. Akikuta nyumba imegeuka, atajiona mgeni. Tangi la dukani kwangu lilikuwa na jeuri wa namna hiyo. Siku hizi ni kama anaomba ruhusa kabla ya kula."

Aliuachia mfuko.

"Mchukue. Lakini kesho uje dukani niinyoshe hiyo miwani. Inanikera."

Jina lake lilikuwa Kwan Chi-hang, na keshoye alikuja. Alirudi na kesho kutwa yake, miwani ikiwa imenyooka na hana kisingizio chochote. Wakanywa chai ya maziwa mkahawani, magoti yakigusana chini ya meza nyembamba. Haukupita muda kabla mapenzi hayajapata utaratibu wake. Hang aliishi na mama yake, Bi Kwan, mjane. Kila jioni Bi Kwan aliteremka kwenye uwanja ulio chini ya jengo kucheza dansi na akina mama wenzake. Muziki ulipoanza tu, simu ya Lam ililia.

"Umekula, kiguruwe changu?" Hilo ndilo jina la mapenzi alilompa.

"Nimekula. Uko wapi?"

"Kwenye kochi, mbele ya samaki. Nimezima taa."

"Gizani unafanya nini?"

"Nakuona vizuri zaidi."

"Muongo we!" Lam alicheka, kisha akatega sikio. "Hang, nini hicho kinasaga?"

"Ni yule mweusi. Anasaga meno."

Sauti ilifika simuni ikiwa kavu na ya taratibu, mfano wa mtu anayetafuna mchanga kwa subira. Lam alibadilisha mazungumzo.

Siku ya kutambulishwa kwa Bi Kwan, Lam alivaa gauni la kijani lenye kola ndogo, akabeba machungwa. Tangi lilishika nusu ya ukuta wa sebule. Wekundu walijikusanya juu, pembeni, mapezi yameraruka. Mweusi alikaa peke yake katikati ya mawe. Lam alipoingia, samaki yule aligeuka, akamtazama uso kwa uso.

"Mawe yangehamishwa kidogo, Shangazi, asingejiona mwenye nyumba," alisema Lam kwa adabu, akimwita shangazi kama huko wanavyoitwa akina mama wakubwa.

"Hang aliyahamisha. Nikayarudisha siku ileile." Bi Kwan alimmiminia chai. "Kila jiwe limewekwa na mpiga ramli, na hesabu ya samaki ni yake pia. Marehemu mume wangu aliwahi kukataa kununua wa tisa. 'Wanane wanatosha,' akasema. Akaingia kwenye lifti kwenda kazini. Lifti ilipofunguka chini, alikuwa amekaa sakafuni, mkoba upo magotini, na yeye hayupo tena."

"Pole sana, Shangazi."

"Samaki akifa, amekufa badala yetu. Zamani alikufa mmoja kwa nadra. Tangu umjue mwanangu, wanakufa ovyo. Jioni nikirudi nikakuta simu yake ina joto, najua mmezungumza, na asubuhi naokota maiti. Wewe binti, unatuletea nini?"

Lam alimtazama Hang, akingoja aseme neno. Hang alikuwa anatazama kikombe chake.

Walipofika kituo cha treni ndipo ulimi ulipomfunguka.

"Labda tupumzike kidogo. Tusipigiane simu, mama atulie."

"Kwa hiyo na wewe unaamini?"

"Siamini. Ila..."

"Basi hiyo 'ila' ndiyo uioe!" alisema Lam, akateremka ngazi bila kugeuka.

Ukimya ulifuata. Lam aliuza miwani, akalisha samaki wake na kuigeuza simu kifudifudi mezani. Alijiambia kwamba hangoji chochote, lakini moyo haukudanganyika. Jioni moja simu ililia. Hang hakusema mengi. Alisema tu kwamba nyumba imekuwa kubwa mno. Lam naye hakusema mengi. Walisikilizana pumzi, na nyuma ya pumzi hizo kitu kilikuwa kikisaga.

Asubuhi Hang alisimama mlangoni mwa duka, uso umempauka kama karatasi.

"Amekufa mwingine. Jicho halipo. Wiki zote tulizonyamaza hakufa hata mmoja, Lam. Nimekupigia mara moja tu."

"Umekuja kuniaga?"

"Sikuogopi wewe. Nakuogopea. Mama anasema balaa likikosa samaki, litatafuta mtu."

Lam aliiweka chini fremu aliyokuwa akiifuta. Alitaka kulia, badala yake akauliza, "Ukinipigia, kwa nini unazima taa?"

"Mama akiwa uwanjani hutazama dirisha letu. Taa ikiwaka anajua nimekaa sebuleni nazungumza na wewe."

"Na tangi?"

"Hilo huwaka mpaka mama alizime akienda kulala. Kabla ya hapo haliruhusiwi kuzimwa."

"Leo jioni nakuja," alisema Lam. "Usinikatalie."

Muziki wa dansi ulikuwa ukipanda kutoka uwanjani, umefifia kama redio ya jirani, pale Hang alipozima taa. Sebule ilitoweka. Likabaki tangi peke yake, jekundu, linaelea gizani. Walikaa kwenye kochi. Hakuna aliyeshika simu. Mweusi alitoka polepole kwenye mawe yake, akakiendea kioo cha mbele, akatanua mashavu. Kisha akapiga. *Tok.*

"Anatupiga sisi," alinong'ona Hang.

"Rudi nyuma."

Walirudi hadi ukutani. Samaki hakuwafuata kwa macho. *Tok.* Alipiga tena palepale, huku akisaga meno. Lam alinyata hadi ubavuni mwa tangi, akaegemeza shavu kwenye kioo na kutazama kwa upande. Pale kwenye kioo cha mbele palikuwa na samaki wa pili, mweusi vilevile, mdomo wazi, anatokea upande wa giza la chumba kana kwamba anataka kuingia. Kila pigo alilirudisha. Kila hasira aliijibu.

"Washa taa, Hang. Washa!"

Taa iliwaka. Samaki wa pili hakuwepo. Yule wa kweli alibaki ananing'inia majini, akihema. Halafu aligeuka taratibu kuwaelekea wekundu, akitafuta anayeweza kuumia.

"Alikuwa akipigana na nani?" Hang aliuliza.

"Na sura yake. Chumba kikiwa na giza na maji yana mwanga, kioo humgeukia kuwa kama cha kujitazamia. Anampiga adui asiyeshindika, hasira inayobaki anaimalizia kwa jirani."

"Kwa hiyo ni simu zetu kweli."

"Ni simu zetu. Mama yako hakukosea."

Bi Kwan, aliyerudi mapema, alikuwa amesimama mlangoni, upepeo wa dansi mkononi, jasho likimeremeta juu ya mdomo. Alikuwa amesikia yote. Alilisogelea tangi, akamwelekezea mweusi kidole.

"Fanyeni mtakavyo. Mawe, taa, chochote. Lakini akifa hata mmoja, binti huyu asirudi tena hapa."

Lam alimtenga mweusi ndani ya kisanduku chenye matundu. Alihamisha kila jiwe, akamtia mwekundu mpya kutimiza wanane, akaweka majani marefu wekundu wapate pa kujificha, kisha akamwachia mbabe arudi wa mwisho. Taa ya sebule haikuzimwa tena jioni. Hang alipiga simu zake huku inawaka, mama yake akiona dirisha kutoka uwanjani. Wiki zilipita. Mapezi ya wekundu yaliota upya. Hakufa hata mmoja.

Ndipo Lam alipoalikwa chakula cha jioni, akaja na gauni la hariri ya rangi ya zabibu. Bi Kwan alikuwa amepika samaki mzima kwa mvuke, na tangawizi na majani ya vitunguu. Hang hakungoja wali upoe.

"Mama, nataka kumuoa Lam. Yeye ameshakubali. Ni wewe tu."

Bi Kwan aliweka vijiti vyake juu ya bakuli.

"Tangu mwezi ule samaki hawafi," alisema, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya mboga. "Sasa niambie, binti. Wasipokufa badala yetu, balaa la nyumba hii linabebwa na nani?"

"Mama, jamani!"

"Nimemuuliza yeye."

Lam alimtazama. Hapakuwa na kejeli. Palikuwa na mwanamke aliyekonda, ambaye kila alfajiri aliwahesabu samaki walio hai kwa hofu zaidi kuliko alivyowahi kuwahesabu waliokufa. Lam alijua kueleza kioo. Lifti hakujua kuieleza. Chini ya meza aliushika mkono wa Hang.

"Mimi, Shangazi."

"Umesikia ulichokisema?"

"Nimesikia."

"Lam..." alianza Hang.

"Nyamaza wewe, unaozwa," Lam alimkatiza.

Mabega ya Bi Kwan yalishuka. Alivuta pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani, na kwa mara ya kwanza akatabasamu. Kwa vijiti vyake aliinua shavu la samaki, ile nyama laini kuliko zote, akaliweka juu ya wali wa Lam.

"Kula, mwanangu. Kula ushibe."

Nyuma yake, wekundu wote wanane na yule mweusi walikuwa wamekisogelea kioo cha mbele. Walikaa kimya, bega kwa bega, bila ugomvi, wakimtazama Lam. Alichukua vijiti, akala.