Nyumba Tupu Haiambiwi Karibu

Fundi alikuwa amepiga magoti, pini zimejaa mdomoni, anafunga upindo wa gauni lililovikwa sanamu, aliposikia mtu anacheka nyuma ya pazia la kujaribia nguo. Cheko la kike, tamu, linalopanda mwishoni kama mtu aliyetekenywa. Akaganda. Cheko lile lilikuwa lake mwenyewe. Na mtu mwenye pini mdomoni hacheki.

Akazitemea pini kiganjani.

"Nani?"

Akavuta pazia. Kioo kipo, kiti kipo, na harufu ya kitambaa kilichoungua na pasi. Pasi yenyewe ilikuwa baridi tangu asubuhi.

Kila jambo lina mlango lilipoingilia, na mlango wa hili ulikuwa wifi yake. Dada wa mumewe huyo, ndugu walishamwita Bando, kwa sababu hata msibani, watu wanafuta machozi, yeye aliuliza nani ana bando amrushie. Bando na fundi walikuwa na lao la siku nyingi. Cherehani ile ya kukanyaga ilikuwa ya mama yake Bando, na mama alipozeeka miguu, badala ya kumpa binti wa tumbo lake, akampa mke wa mwanawe. "Binti yangu anajua kuvaa," alisema mbele za watu, "kushona hajui." Neno lile Bando hakulimeza wala hakulitema.

Lakini damu ni damu. Kazi ilipodorora, watu wakawa wanakimbilia nguo za dukani zilizoshonwa tayari, na mume yuko safarini na lori lake harudi leo wala kesho, ni Bando huyo huyo aliyekuja na dawa.

"Wifi, unashona vizuri lakini unashonea gizani. Nani anakuona? Ingia kwenye simu."

Alikuwa amejiunga na darasa la mtandaoni, la mshauri wa biashara mmoja anayevaa suti hata akiwa jikoni kwake. Akamwaga aliyofundishwa: onyesha uso wako kila siku. Mteja hanunui nguo, anakununua wewe. Ongea laini. Cheka. Usigombane kamwe mbele ya simu. Na kila anayeingia kukutazama, mkaribishe.

"Na asipoingia mtu?"

"Jifanye wameingia. Mpita njia akikuta duka tupu anapita. Akikuta unaongea na wenzake, anasimama."

Ushauri huo umewafaa wengi, tusiuseme vibaya. Fundi akaegemeza simu kwenye rafu ya nyuzi, akawasha laivu, akakitazama chumba kilichokuwa hakina hata nzi.

"Karibuni wapendwa! Naona mnaanza kuingia. Wewe uliye nyuma, mbona umesimama? Sogea, kaa, jisikie uko kwako."

Mkwewe alikuwa mlangoni anakunja nguo zilizoanuliwa. Akasimamisha mikono.

"Unamkaribisha nani?"

"Wateja, mama."

"Wako wapi?"

"Hawajafika."

"Basi ngoja wafike. Nyumba tupu haiambiwi karibu. Kuna wanaolisubiri hilo neno, na hawavai magauni."

Fundi akacheka, cheko lake lile. Mambo ya wazee! Alipogeukia simu, akaona mtu mmoja ameingia. Hana jina, hana picha.

Kuanzia hapo mgeni yule hakukosa. Kabla simu haijakaa sawa, yeye keshafika. Siku nyingi hakuandika kitu, halafu siku moja akaandika neno moja tu: *Nimekaa.*

"Asante mpenzi," fundi akajibu, maana alifundishwa asimwache mtu bila jibu. "Hapa ni kwako."

Na wateja wakaja, jamani, wakaja kama siafu. Bando akawa anatembea kifua mbele utadhani cherehani amerudishiwa. Ila wateja wenyewe walikuja na maneno ya ajabu. Huyu anasema, "Fundi, jana umenibembeleza kwenye simu mpaka nikaona aibu kukataa." Jana ipi? Jana simu ilizimika kutwa, haina chaji. Yule anasema, "Una sauti mbili wewe, ya simu tamu kuliko hii." Mchana, watu wakiwa uani wanakula, cherehani ikawa inakanyagwa ndani, taka-taka-taka, na akienda kutazama, gurudumu ndiyo kwanza linasimama.

Siku chache baada ya cheko lile la nyuma ya pazia, mumewe akapiga simu, akamtania utani wao wa tangu uchumba. Fundi akafungua mdomo acheke. Ukatoka upepo mtupu. Cheko likasikika chumba cha kushonea.

"Wifi," alimnong'oneza Bando jikoni, "yule asiye na jina. Kanichukulia kitu."

"Usiseme kwa nguvu." Bando akausukuma mlango wa jikoni ukafungika. "Nimemuuliza mshauri."

"Anasemaje?"

"Anasema mfuasi mwaminifu hafutwi. Ndiye mtaji."

"Mtaji wake au wangu?"

Bando akachukua mtandio wake msumarini.

"Twende kwa mganga, wifi."

"Mganga atamtoa mgeni niliyemwingiza mwenyewe?"

Jioni moja, jua bado liko juu ya mapaa, fundi alikuwa uani anaanika kanga, huku binti yake mdogo, yule waliyemwita Kifungo kwa udogo wake, anacheza na matope karibu na bomba. Fundi akainama kuchukua kibanio. Akasikia sauti kutoka ndani.

"Kifungo mpenzi wangu, karibu. Sogea, kaa, jisikie uko kwako."

"Naja, mama," mtoto akaitika.

Fundi akainuka na pale bombani hapakuwa na mtoto, palikuwa na nyayo ndogo za matope zinazoelekea mlangoni, na akakimbia, kanga zimemzonga miguuni, ndoo ikapinduka, akapita jikoni, akapita korido ambayo siku zote ilikuwa fupi na leo ilikuwa haiishi, na harufu ile ya kitambaa kilichoungua ikimjia usoni nzito kama moshi, mpaka akafika chumba cha kushonea na kumkuta Kifungo ameshika ncha ya pazia, na kutoka nyuma ya pazia mkono umenyooshwa, taratibu, kiganja juu, na mkono ule ulikuwa na kovu la pasi pale pale kwenye kifundo, kovu la fundi.

"Mwanangu, njoo kwangu," fundi akasema.

"Mwanangu, njoo kwangu," pazia likasema, laini zaidi.

Mtoto akatazama huku, akatazama kule. "Mama?"

"Mimi hapa, mpenzi."

"Mimi hapa, mpenzi." Na likacheka cheko la mama yake, lile ambalo Kifungo hakulisikia siku nyingi. Mtoto akatabasamu. Mguu wake mmoja ukaingia ndani ya pazia.

Hapo ndipo kichwa cha fundi kilipofunguka. Kila alichoipa simu, hiki kitu kinacho. Uso, mikono, ulaini, cheko. Na alichokatazwa kuipa?

Akaweka mikono kiunoni.

"We Kifungo! Nani kakutuma uingie humo na miguu ya matope? Nimepiga deki asubuhi, mgongo bado unaniuma, halafu wewe unanichorea ramani sakafuni? Nikikushika leo utanitambua! Toka hapo!"

Mtoto akaruka kama kachomwa sindano, akaja mbio analia, akajibandika kwenye paja la mama yake. Huyu ndiye! Huyu hana mfano wake!

"Karibu mpenzi," pazia likasema. "Karibu… jisikie…" Likakwama.

Mkwe akatokea amejishika ukutani, anahema, Bando nyuma yake.

"Usinyamaze! Gomba!"

"Nigombane na nani, mama? Simwoni!"

"Gombana na mimi! Huna la kuniambia, miaka yote hii?"

Kumbe alikuwa nalo. "Sufuria yangu kubwa uliikopesha dada yako bila kuniuliza!"

"Na wewe ulinidharau mbele ya wageni ukasema nimezidisha chumvi!"

"Ilizidi!"

"Na cherehani ilikuwa yangu!" Bando akapasuka, machozi yanamtoka. "Mama ulinivua nguo mbele za watu!"

"Ungejua kushona ningekupa!"

"Ungenifundisha ningejua!"

Nyumba nzima ikawaka. Nyuma ya pazia kitu kikaanza kuhangaika, kiti kinagongagonga, na sauti ile tamu ikawa inababaika, "mpenzi… mpenzi… uko kwako…", haipati pa kushika. Fundi akainyakua simu, akawasha laivu, nywele zimemsimama, jasho linamtiririka, na watu wakaanza kumiminika.

"Wewe uliyekaa! Ndiyo, wewe usiye na jina! Hukubisha hodi, na mimi sikukuuliza nani. Kosa langu. Basi nakuuliza leo: nani? Huna jibu? Basi inuka! Kiti changu, sauti yangu, mtoto wangu. Nilisema karibu kwa mdomo huu, na kwa mdomo huu huu nasema toka!"

Pazia likajaa upepo kama tumbo, likapasuka katikati. Kiti kikaanguka. Kitu kikapita kati yao, cha moto, kikatoka mlango wa mbele. Kwenye kiti ikabaki alama ya kuungua, ya mtu aliyekaa sana.

Wateja wengine walihama, wakasema fundi ana mdomo mchafu. Wengine walibaki kwa ajili ya mdomo huo huo. Laivu anafanya mpaka leo, lakini hafungui kinywa mpaka aingie mtu mwenye jina lake. Bando anajifunza kushona kwa mama yake, na wanagombana kila mshono. Cheko lile fundi hakulipata tena. Kajifunza jingine, la kukwaruza, linatokea puani, na Kifungo analipenda.

Juzi mchana alikuwa anatia uzi kwenye sindano aliposikia cheko la zamani, lile tamu, linapita nje barabarani. Likasimama mlango huu, likasogea mlango ule. Ng'ambo, muuza viatu alikuwa ameegemeza simu yake kwenye boksi, dukani hamna mtu.

"Karibuni wapendwa! Naona mnaanza kuingia…"

Fundi akaacha sindano, akavuka barabara bila viatu, akasimama mlangoni kwa muuza viatu.

"Unamkaribisha nani?"

"Wateja, dada."

"Wako wapi?"

Muuza viatu akatabasamu kwa aibu. "Hawajafika."

Nyuma ya rafu ya viatu, mtu akacheka.

Fundi akaweka mikono kiunoni, akavuta pumzi.